Zizi la Roza Lasoma Sifuri

Wiki iliyopita tulimwacha Roza Limbu amesimama mbele ya ukumbi mzima wa Upeo Sekondari, pale Iyunga, macho kayatoa ukutani. Ukutani projekta ilikuwa imeandika jina lake kwa herufi kubwa kama za tangazo la mkutano wa injili. Mbele ya jina kulikuwa na namba, na namba yenyewe ilikuwa sifuri.

Najua mmekaa juma zima mkibishana. Mama mmoja wa Mwanjelwa ameapa kwamba binti kaibiwa. Bwana mmoja wa Mafinga kasema huyo kayala yote kwa maandazi ya kantini. Wote mmekosa, tena mmekosa vibaya. Tulieni niwape habari.

Na wale ambao hawakununua gazeti, wanaosomea begani kwa jirani, nawaeleza kwa ufupi ili wasimsumbue mwenye gazeti lake. Upeo Sekondari imefuta A, B na C. Ripoti ya karatasi hakuna tena. Mwalimu Mkuu Zabron aliamka asubuhi moja akasema dunia imekwenda mbele, mwanafunzi wa leo alipwe jasho lake kwa sarafu ya kidijitali. Ukijibu swali, sarafu zinaingia kwenye akaunti yako. Ukifaulu jaribio, zinaingia nyingi. Ukichelewa mstarini, zinakatwa.

Nembo ya sarafu hiyo aliichora mwenyewe kwenye kishikwambi chake, duara la kijani lenye kiini katikati. Alisema ni jua linalochomoza nyuma ya mlima. Wanafunzi wakatazama, wakaona parachichi. Tangu siku hiyo sarafu ikaitwa chichi, zikiwa nyingi machichi, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia Mwalimu Mkuu.

Sheria ni moja. Mwenye machichi mia tano mwisho wa mwaka anapanda kidato cha nne. Aliyepungukiwa hata na moja anarudia cha tatu. Na mfumo unafungwa leo hii, Jumamosi ya Siku ya Wazazi, saa sita kamili mchana, mlinzi Saulo akigonga kengele.

Haya, tuingie ukumbini. Saa tano imeshapita.

"Roza Limbu," alisema Mwalimu Mkuu, miwani imemshuka puani. "Wewe ndiye uliyekuwa ukijibu maswali mpaka walimu wanakuomba upumzike. Sasa hii sifuri ni ya nini?"

"Labda mfumo umekosea," alinong'ona Mwalimu Dastan, mwalimu wa nidhamu.

"Mfumo wangu haukosei!" Mwalimu Mkuu alifoka. Kisha akamgeukia Roza. "Machichi yako umeyapeleka wapi?"

Wanafunzi wakatazamana. Kumbe siku zote jina la chichi alikuwa analijua!

"Yapo, mwalimu," alijibu Roza.

"Yapo wapi?"

"Malishoni."

Wazazi waliangua kicheko. Roza hakucheka. Macho yake yalikwenda moja kwa moja benchi la tatu, alikokaa baba yake, Mzee Limbu, kofia magotini. Mzee huyo alikuwa amemwambia maneno machache tu mwezi wa kwanza, siku ya kumsindikiza stendi: "Nimeuza ng'ombe usome kidato cha tatu. Ukishindwa kupanda, rudi nyumbani Usangu tukae. Mimi ng'ombe mmoja simnunui mara mbili."

Na Mzee Limbu hakuwa mtu wa kusema mara mbili, kama ambavyo hakuwa mtu wa kununua mara mbili.

Sasa mnauliza, malishoni kivipi? Ngojeni. Mzee Limbu ni Msukuma aliyehamia Usangu na mifugo yake, na jambo la kwanza alilomfundisha binti yake, kabla hata ya kusalimia wakubwa, ni kwamba ng'ombe wote hawalali zizi moja. Ugonjwa ukiingia, unalala tajiri unaamka fukara. Kwa hiyo wachache yuko nao nyumbani, wengine wako kwa rafiki yake Madibira, wengine kwa shemeji yake Utengule, wengine kwa mkulima mmoja wa vitunguu Ruaha Mbuyuni.

Anayetunza hunywa maziwa, ng'ombe akabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji huleta ngozi ili mwenye mali aone kwa macho yake. Na siku ya kurudisha, mtunzaji hupewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, iwe ndiyo asante yake.

Na pale Upeo Sekondari ugonjwa ulikuwepo. Ulivaa suti ya kijivu na jina lake lilikuwa Mwalimu Dastan. Kosa lolote, soksi isiyo ya shule, kukohoa wakati wa sala, Mwalimu Dastan alikuwa anabonyeza kishikwambi na kukata nusu ya salio. Nusu nzima! Ulikuwa na mia mbili, umekohoa, una mia.

Roza alipoona wenzake wanavyoteketea, akawaza kama baba yake. Kila alipochuma machichi aliyagawa kwa wenzake wayatunze. Kila Ijumaa mfumo ulikuwa unamwongezea kidogo mwenye salio, ati kuwafundisha vijana kuweka akiba. Nyongeza hiyo Roza aliita maziwa, na maziwa alimwachia mtunzaji. Mwalimu Dastan akawa kila akimkata Roza, anakata nusu ya karibu na hakuna. Mwalimu alijiona mkali, binti akajiona salama, na kila mtu akaenda kulala na furaha yake.

Mpango wake ulikuwa kuwarudisha ng'ombe jana, Ijumaa. Lakini jana mvua ilinyesha, umeme ukaenda, mtandao ukaufuata. Umerudi leo asubuhi, wakati Mwalimu Mkuu anawasha projekta.

"Naomba muda niwaite ng'ombe wangu, mwalimu," alisema Roza.

"Hapa ni shule, siyo mnadani!"

"Mpe muda mtoto!" mzazi mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Si mmesema saa sita? Saa sita haijafika!"

"Mpe! Mpe!" wakadakia wengine. Mwalimu Mkuu alikuwa ametoa kadi za mwaliko kwa wazazi hao akiwaomba waje kujionea maendeleo. Akainua mikono, akakaa.

Wa kwanza kusimama alikuwa Evarista, binti wa Kihehe kutoka upande wa Iringa, rafiki wa Roza wa kulala kitanda cha juu na cha chini.

"Kamweneni, wazazi," alisema Evarista. "Mimi nilitunza. Narudisha wote, isipokuwa waliokufa."

"Waliokufa?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Nilichelewa mstarini, Mwalimu Dastan akanikata. Wakafa. Ila ngozi nilimletea mwenyewe siku ileile."

"Ngozi gani, wewe binti?"

"Nilimwonyesha kwenye kishikwambi namba ilivyonyolewa. Akaona, akalia kidogo, tukaenda kula."

Wazazi wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Evarista akabonyeza, na ile sifuri ya ukutani ikaondoka.

Baada ya hapo walisimama wengine. Happy wa Tukuyu alisimama, na kila mmoja aliyesimama alivuta mwingine. Wakajipanga kwenye vishikwambi vya darasa, wakabonyeza, namba ya Roza ikapanda. Mia. Mia mbili. Mia tatu. Wazazi wakaanza kupiga makofi kama wanasindikiza sadaka madhabahuni.

Ilipofika mia nne, ikagoma.

Roza alisubiri. Hakuna aliyesogea. Alijua ni nani aliyebaki, na aliyebaki alikuwa kakaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu, sweta limenyooshwa pasi.

Jina lake Gideon. Ukutani ndiye aliyekuwa kinara, machichi mia saba tisini na tatu. Na kama hilo halitoshi, alikuwa mtoto wa Mwalimu Mkuu.

"Gideon," alisema Roza, "na wale mia tatu."

"Mia tatu wepi?"

"Ng'ombe wangu."

"Ng'ombe!" Gideon aliwageukia wazazi akicheka. "Jamani, mimi Mnyakyusa wa Tukuyu. Kwetu ni migomba na chai. Ng'ombe nimtoe wapi?"

Hapo aliongopa mara mbili kwa pumzi moja, maana machichi ya Roza alikuwa nayo, tena babu yake ng'ombe anao, na maziwa yao kayanywa tangu anatambaa. Lakini ukumbi ulicheka, na Roza alisikia uso unamwaka moto.

Mwalimu Mkuu alisafisha koo. "Roza, wakati unampa, alikuwepo shahidi?"

"Kwa wengine wote shahidi alikuwa Evarista."

"Kwa Gideon?"

Roza aliinamisha kichwa. "Kwa Gideon hakukuwa na mtu. Niliona haya. Mtoto wa Mwalimu Mkuu nimwekee shahidi, si ataona namshuku?"

Sasa hapo, wasomaji wangu, msimcheke sana. Nani kati yenu hajawahi kumwamini mtu kwa sababu ya baba yake?

Benchi la tatu likalia. Mzee Limbu alikuwa amesimama. Roza akashusha pumzi, baba yangu huyo, atanitetea.

"Umetoa ng'ombe bila shahidi?" mzee alinguruma. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Roza alitamani sakafu ipasuke. Machozi yalimlenga. Angegombwa na Mwalimu Dastan mwaka mzima, isingemuuma kama sentensi hiyo moja.

Mzee Limbu akawageukia watu, kofia mkononi. "Wazazi wenzangu, mwangaluka. Mimi shule sikusoma. Hayo ya kishikwambi mimi simo. Lakini mtu akikutunzia mali, haondoki mikono mitupu. Basi kila aliyemtunzia binti yangu ng'ombe, asimame alipo. Mimi Limbu, mbele yenu wote, nampa mtamba."

"Mtamba mtamba?" mtu aliuliza.

"Mtamba. Wa kwetu, wa Usangu."

Ukumbi ulivuma. Waliokuwa wamerudi kukaa wakasimama tena. Na kule mstari wa mbele, ule mguu uliokuwa juu ya mguu ukashuka.

Gideon, ni lazima niwaambie, alikuwa na ugonjwa wake mdogo. Aliota pikipiki. Aliota nyekundu, akiwa macho na akiwa usingizini. Sasa akapiga hesabu ya mtamba mmoja anapelekwa mnadani, akaongezea na vijisenti vya shangazi, akaiona pikipiki imesimama mlangoni inanguruma.

Akasimama wima. "Na mimi, mzee! Tena mimi nimetunza wengi kuliko hawa wote! Mia tatu nzima!"

Ukumbi ulilipuka. Happy alipiga kelele "Mwe!" mpaka mwangwi ukarudi. Mwalimu Mkuu alimwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Ee Kyala wangu!" akajishika kichwa kwa mikono miwili. Gideon alibaki kasimama, mdomo wazi, akitafuta namna ya kuyarudisha maneno yake, na maneno hayarudi.

"Vizuri sana, kijana," alisema Mzee Limbu kwa upole. "Sasa mrudishie mwenyewe."

Gideon alimtazama baba yake. Nitamsifu Mwalimu Mkuu katika hili, maana nimemsema sana leo. Alikuwa na uwezo wa kusema mfumo una hitilafu. Alikuwa na uwezo wa kukohoa mpaka saa sita ikafika. Aliinua uso, akasema neno moja.

"Rudisha."

Gideon akabonyeza. Namba ya Roza ikaruka kutoka mia nne hadi mia saba!

Roza alipiga yowe. Evarista alimrukia, wakazunguka pale mbele wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Amepanda! Anakwenda kidato cha nne! Hata Mwalimu Dastan alipiga makofi, ingawa aliyapiga kwa vidole viwili.

Ningekuwa mwandishi mwenye huruma ningeishia hapo, mkanywe chai yenu. Huruma sina.

Mzee Limbu alikuwa bado amesimama. Kichwani mwake watunzaji walikuwa watatu, wakizidi sana wanne. Kwani mtu mzima ana marafiki wa kuaminika wangapi? Akageuka polepole awatazame watu wake. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Akafika nusu, akapotea, akaanza upya.

Walikuwa ishirini na mmoja.

"Hawa wote?" aliuliza.

"Wote, baba."

"Gete?"

"Kweli, baba. Ulisema nisiweke zizi moja."

Mzee aliketi. Hakuketi kwa kutaka, miguu ndiyo iliyoamua. Roza alimkimbilia, akapiga magoti pembeni yake, na hapo ndipo furaha yote ilipomtoka. Mitamba ya nyumbani aliifahamu mmoja mmoja kwa rangi na kwa tabia. Haikufika hata idadi hiyo. Na hiyo iliyopo ndiyo iliyopangwa kuuzwa mwezi wa kwanza kulipa ada yake ya kidato cha nne.

"Baba, waambie ulikuwa unatania," alinong'ona.

"Mbele ya watu wote hawa? Na simu zinanirekodi?" Mzee alitikisa kichwa. "Yaya, ng'wanawane. Hapana, mwanangu. Nimesema, nitalipa. Hiyo ada ndiyo sijui nitaitoa wapi."

"Mzee samahani," mama mmoja aliuliza kutoka dirishani, mwenye bidii zake. "Tunakuja kuchukua lini? Na kamba tuje nazo, au mnatoa wenyewe?"

Tazama sasa. Dakika tano zilizopita binti alikuwa na machichi hana shida. Sasa ana machichi hana shule. Amepanda darasa ambalo hana ada ya kuliingilia!

Roza alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na tano. Alisimama, akaenda mbele, akachukua kipaza sauti mkononi kwa Mwalimu Mkuu bila kuomba, jambo ambalo siku nyingine lingemgharimu nusu ya salio.

"Wazazi, baba yangu hajazoea machichi, kasema kwa lugha ya kwao," alisema. "Mtunzaji hulipwa kwa kile alichotunza. Aliyetunza ng'ombe analipwa ng'ombe. Hawa walitunza machichi. Mtamba wao ni machichi, na nitawalipa mimi, kutoka zizini kwangu. Kila mmoja kumi."

Kumi, kwa sababu mfumo haukubali kutuma pungufu ya kumi. Na kichwani Roza alishapiga hesabu mara mbili. Marafiki ishirini, mia mbili. Mia saba ukitoa mia mbili zinabaki mia tano, mstari wenyewe wa kupandia. Hatazidi, hatapungua. Gideon hakumhesabu. Mwizi ana mtamba gani?

"Mnakubali?" aliwauliza wenzake.

"Mimi nakubali," alisema Evarista haraka. "Huyo mwenye mkia ningemfunga wapi? Bwenini?"

Wote wakakubali. Wazazi wakakubali pia, ingawa yule mama wa dirishani aliguna, maana alishaanza kumpa mtamba wake jina.

Roza akaanza kulipa. Kila aliyepita alimshika mkono na kumwambia asante. Ukutani namba yake ilikuwa inashuka kumi kumi. Mia sita. Mia tano na themanini. Mia tano na thelathini. Wa mwisho alikuwa Evarista.

Mia tano.

Roza alifumba macho, akashukuru Mungu kwa Kisukuma.

"Bado mimi," sauti ikasema.

Alifumbua macho. Gideon alikuwa amesimama mbele yake, mikono mfukoni.

Ukumbi ulizomea. "Mwizi! Kaa chini! Aibu!" Roza hakuzomea. Alikuwa anatazama namba. Kumi nyingine ikitoka zinabaki mia nne na tisini, na mia nne na tisini ni kurudi Usangu.

"Baba," aliita, sauti ikikatika. "Huyu aliniruka mbele ya watu. Na yeye nimlipe?"

Mzee Limbu aliizungusha kofia yake mikononi. Ilionekana wazi kwamba jibu lilikuwa linampa shida.

"Nilisema kila aliyetunza," alisema hatimaye. "Sikusema kila aliyetunza vizuri."

Kumbe hata baba anaweza kukufungia mlango kwa mkono wake, huku moyo unamuuma. Roza aliliona begi lake likiwa juu ya basi. Akaona sketi ya shule imekatwa kuwa tambara la kushikia sufuria. Alichukua kishikwambi, akaandika jina la Gideon.

"Acha," alisema Gideon. "Machichi siyataki."

"Unasemaje?"

"Mzee kasema mtamba. Hawa wenzangu wamekubali kubadilishiwa, ni shauri lao. Mimi sikukubali. Namtaka yule mwenye kwato."

Roza alihisi hewa inaingia kifuani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mia tano yake imebaki salama! Mitamba yote nayo iko salama, kasoro mmoja tu!

Mzee Limbu alicheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyeokotewa kofia yake mtoni. "Huyu ndiye mfugaji! Mmoja namudu. Lakini sikiliza, kijana. Ng'ombe wangu hamfuati mtu asiyemjua. Utakuja Usangu, utachunga likizo yote, alfajiri mpaka jioni, mpaka mtamba akuzoee. Ndipo uondoke naye."

"Sawa, mzee," alisema Gideon, na machoni mwake ungeiona ile pikipiki nyekundu inageuza kona.

"Matope ya Usangu yanafika hapa," mzee aliongeza, akionyesha juu ya goti.

"Sawa, mzee," alisema Gideon, safari hii polepole kidogo.

Wazazi walikuwa wameanza kunyanyuka. Harufu ya pilau ilikuwa imeingia kutoka jikoni, na pilau ikiingia hakuna anayetazama tena ukuta. Mwalimu Mkuu alikuwa anamweleza mzazi mmoja kwamba mfumo umefanya kazi kama ulivyotarajiwa. Nje, Saulo alikuwa ameinama anatafuta chuma chake cha kugongea kengele.

Roza peke yake ndiye aliyekuwa bado anautazama ukuta. Alikuwa anajifurahisha tu kwa kuisoma mia tano yake. Alipomaliza kuisoma, macho yakateremka mstari mmoja.

Gideon Zabron. Mia nne tisini na tatu. Kwa rangi nyekundu.

Aliisoma tena. Gideon alikuwa amerudisha mia tatu ambazo hazikuwa zake, na zilizobaki hazikutosha. Alikuwa pungufu kwa saba. Mtamba wa machichi kumi alioukataa sasa hivi ndio ungempandisha. Naye hakuwa na habari. Alikuwa mlangoni anamwonyesha Happy kwa mikono jinsi pikipiki inavyowashwa.

Nyamaza, Roza alijiambia. Nyamaza tu. Ukimwambia, atazidai zile kumi, na utarudi Usangu wewe. Ukinyamaza, kengele italia, atarudia yeye. Aliiba. Alikucheka mbele ya watu. Hakuna mtu mmoja Mbeya nzima atakayekulaumu.

Alitaka kunyamaza. Siwafichi, alitaka sana.

"Twende tukale," Evarista alimvuta mkono. "Umesimama nini?"

Dirishani Saulo alikuwa ameshakipata chuma. Akakitazama, akakipangusa kwenye suruali, akanyanyua mkono.

"Gideon!" Roza aliita. "Hebu tazama jina lako."